Utulivu wa Barabara ya Mkuyuni

Ziko barabara ambazo mtu huzipita ili afike, na ziko nyingine ambazo mtu huzipita ili apate kufikiri. Kwangu mimi, barabara itokayo Bigwa, pembezoni mwa mji wa Morogoro, ikaizunguka milima ya Uluguru kwa upande wa mashariki kupitia Kiroka, Mkuyuni, Matombo na Mvuha hadi Kisaki, ni ya kundi la pili. Ninaipita kwa baiskeli, kwa kawaida siku ya Jumamosi, pale ambapo hakuna mitihani ya kusahihisha wala kikao cha idara kilichobatizwa jina la dharura. Sifiki Kisaki. Mara nyingi naishia Mkuyuni, kwa ndugu wa mama yangu, na jioni narejea mjini.

Wanafunzi wangu wameniuliza zaidi ya mara moja kwa nini mtu mwenye shahada ya uzamivu aende kijijini kwa baiskeli. Huuliza kwa adabu, lakini nyuma ya adabu hiyo mna imani ambayo taifa zima limeipokea bila kuijadili: kwamba baiskeli ni hatua ya chini katika ngazi ambayo juu yake mna pikipiki, kisha gari dogo, kisha gari kubwa jeupe lenye vioo vya giza. Kwa imani hiyo, msomi anayepanda baiskeli ama amefilisika ama anatafuta sifa. Makala haya ni jibu langu kwao, na pia ni hoja ninayoielekeza kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, hususan wale ambao kalamu zao hugusa michoro ya barabara.

Niieleze njia yenyewe kwanza. Ukishaiacha lami kuu iendayo Dar es Salaam, kelele za malori ya masafa marefu hubaki nyuma haraka kuliko unavyotarajia. Barabara hupanda kuelekea mwanya wa Kiroka, na hapo mapaja hukukumbusha umri wako. Mkono wa kulia milima inainuka hadi ukungu unapoishika. Kilele cha Kimhandu, kilichojificha ndani zaidi, kina urefu wa zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Ukishaupita mwanya, unateremkia Kiroka penye majaruba ya mpunga na mifereji ya maji, na kutoka hapo unaendelea kukata vijito vitokavyo mlimani kimoja baada ya kingine. Maji hayo si ya hapo tu. Mito ya mashariki ya Uluguru huungana na kuwa Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Mkazi wa Kinondoni anayefungua bomba asubuhi ana deni na mteremko huu, ajue asijue.

Kisha ndiyo Mkuyuni. Jina linatokana na mkuyu, mti ambao wahenga wetu waliuheshimu kwa kivuli na kwa maji yanayodhaniwa kuwa chini yake. Hewa inabadilika: ni nzito kidogo, ina harufu ya mafenesi yaliyoiva, mananasi na, majira yakifika, karafuu na mdalasini iliyoanikwa. Juu, kwenye njia za kupandia Kinole, ndiko kwenye makao ya ukoo wa kichifu wa Kingalu, ambaye jina lake limepewa soko kuu la Morogoro. Ndizi, mafenesi na viungo vinavyouzwa katika soko hilo vimeteremshwa na watu wa milima hii. Swali ambalo mteja pale sokoni halazimiki kuliuliza ni hili: viliteremshwaje?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa kichwa na bega. Barabara hii imejengwa kwa mizigo ya binadamu kabla ya kujengwa kwa greda. Majeshi ya Waingereza yalipoingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, Wajerumani walirudi nyuma kuelekea kusini wakiizunguka milima, na upande huu wa mashariki, kupitia Matombo hadi Kisaki, ukawa njia ya vita. Nyuma ya kila askari walikuwamo wapagazi waliobeba unga na risasi kwenye matope, na wengi wao hawakurudi kwao. Dar es Salaam inalo eneo liitwalo Kariakoo, jina lililotoholewa kutokana na jeshi hilo la wapagazi, lakini katika njia ambazo wapagazi hao walizikanyaga huku kwetu hakuna hata kibao.

Baada ya kichwa na bega ikaja baiskeli. Katika utoto wangu, baiskeli iliyotajwa kwa heshima ilikuwa Phoenix ya Kichina: nyeusi, nzito, yenye keria ya chuma ambayo fundi aliiongezea nondo ili ibebe zaidi ya ilivyokusudiwa. Mjomba wangu alikuwa na moja. Kwa sisi wenye damu ya Kiluguru, neno mjomba lina uzito ambao halina kwa makabila mengine. Ukoo unafuatwa kwa mama, ardhi inarithiwa kwa mama, na mtoto wa dada ni mzigo wa mjomba kwa maana halisi. Mjomba wangu alibeba mzigo huo kwa magurudumu mawili. Saa tisa za usiku aliondoka Mkuyuni na mikungu minne ya ndizi, miwili kila upande, na tenga la mananasi juu yake. Penye mwinuko alisukuma, penye mteremko aliburuza mguu kusaidia breki, na kulipopambazuka alikuwa anaingia mjini. Fedha zile zilikuwa ada yangu ya sekondari. Shahada ninazoziandika mbele na nyuma ya jina langu zilianzia kwenye keria ile.

Miaka kadhaa iliyopita shughuli za kitaaluma zilinipeleka Ufaransa kwa wiki chache, na nilipopata siku tatu zisizo na ratiba nilikodi baiskeli katika mji wa Tours, nikafuata bonde la mto Loire. Wafaransa wameitengenezea baiskeli njia ndefu kandokando ya mto huo, wanaiita La Loire à Vélo, nayo ina takriban kilomita 900 hadi inapofika bahari ya Atlantiki. Kilichonishangaza hakikuwa majumba ya wafalme, ambayo kila mgeni hupelekwa kuyaona. Kilichonishangaza ni kwamba sehemu kubwa ya njia hiyo haikujengwa upya. Ni vijia vya mashamba, tuta za mto, na barabara ndogo za wilaya zilizokuwapo tangu zamani, zile ambazo kwenye ramani zao hupewa herufi D na namba. Serikali za mitaa zilizitazama, zikaziunganisha kwa vibao, zikaweka alama penye makutano, zikapunguza mwendo wa magari penye vijiji, na zikasema: hapa mwenye baiskeli ana haki.

Nikapita katikati ya mashamba ya mizabibu na ngano kwa saa nzima nikipishana na trekta moja na gari la posta. Dereva wa gari hilo, kabla ya kunipita, alisubiri nyuma yangu mpaka kona ikaisha, kisha akapita mbali nami kana kwamba nilikuwa nimebeba mayai. Baadaye nilielewa kwamba si ukarimu peke yake. Sheria yao ya barabarani inamtaka dereva anayempita mwendesha baiskeli nje ya mji aache nafasi ya mita moja na nusu, na ndani ya mji mita moja. Mwaka 2018 walishusha kikomo cha mwendo katika barabara za kawaida za njia mbili kutoka kilomita 90 kwa saa hadi 80, jambo lililozua ubishi mkubwa, na baadaye wilaya ziliruhusiwa kurejesha kikomo cha zamani katika barabara walizoona zinafaa. Yaani hata utulivu wao ni matokeo ya mabishano. Uliamuliwa, ukapingwa, ukatetewa.

Tena utulivu huo una historia ya kitabaka ambayo wanaharakati miongoni mwenu wataipenda. Mwaka 1936, serikali ya Léon Blum, iliyoingia madarakani huku wafanyakazi wakiwa kwenye mgomo mkubwa, ilipitisha sheria ya likizo ya wiki mbili yenye malipo na juma la kazi la saa 40. Kiangazi kile, maelfu ya wafanyakazi wa viwandani ambao hawakuwahi kuiona bahari ya nchi yao wenyewe waliondoka mijini kwa treni na kwa baiskeli, wengine wawili wawili juu ya baiskeli moja yenye matandiko mawili. Barabara ya shamba iliyokuwa ya mwenye shamba na ya mwenye gari ikawa ya kila mtu. Anayedhani kwamba kuendesha baiskeli kwa starehe ni anasa ya Wazungu walioshiba, na akumbuke kwamba starehe hiyo ilidaiwa kiwandani kabla ya kufurahiwa barabarani.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sikuandika haya ili niseme kwamba kwao ni kuzuri na kwetu ni kubaya. Uandishi wa namna hiyo umetuchosha sote. Nilipokuwa kando ya Loire, nilichokikumbuka ni Mkuyuni, kwa sababu utulivu nilioukuta kule nilikuwa naujua. Barabara ya Mkuyuni nayo ni tulivu. Nayo unaweza kuipita kwa saa nzima ukasikia maji, jogoo, shoka la mbali, na sauti ya mtu akimsalimu mwenzake ng'ambo ya bonde. Kwa uzuri wa macho, sioni bonde la Loire likiishinda Uluguru.

Tofauti iko mahali pengine. Utulivu wa kule uliamuliwa, na utulivu wa kwetu umetokana na kusahauliwa. Barabara ya Mkuyuni imekuwa tulivu kwa sababu katika masika gari hushindwa kupita, kwa sababu basi ni chache, na kwa sababu nauli ya bodaboda ni sehemu kubwa ya kipato cha siku. Mama mjamzito anayeteremshwa kutoka Kinole usiku wa mvua akiwa kati ya dereva wa pikipiki na mume wake hauiti utulivu ule kwa jina hilo. Anauita umbali. Mimi niliye na mshahara na njia ya kurudi mjini naweza kuusifu. Yeye hana sababu. Kwa hiyo msomi yeyote anayesimama Mkuyuni na kusema lami isije ili mandhari yasiharibike, huyo anawaombea wenzake umaskini ili yeye apate pa kupumzikia. Mimi si mmoja wao. Lami ije. Habari ya lami katika barabara ya Bigwa hadi Kisaki imezungumzwa bungeni na mikutanoni kwa miaka mingi, na watu wa bonde hili wana haki ya kuidai.

Lakini ni lami ya namna gani? Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na hapo nalazimika kumrudia mjomba.

Mjomba aliisafiri barabara ya Mkuyuni kwa zaidi ya miaka ishirini. Aliijua kila korongo lake kwa jina. Alianguka mara nyingi. Alichubuka, alipinda rimu, alimwaga mananasi. Barabara ile ya mawe na makorongo haikuwahi kumvunja mfupa. Alivunjika kwenye lami. Ilikuwa alfajiri, ameshamaliza milima yote, amebakiza mwendo mfupi tu aingie mjini. Lori lililokuwa likilipita lori jingine lilimsukumia nje, mahali ambapo ukingo wa lami ulikuwa umelika na kuacha ngazi ya kina cha kiganja. Lori halikusimama. Ndizi zilitapakaa, na watu wema waliomwinua waliniambia baadaye kwamba swali lake la kwanza lilihusu mzigo. Nyonga ilivunjika. Baiskeli iliuzwa vipande vipande kulipia matibabu: keria kwa mmoja, magurudumu kwa mwingine. Anaishi bado, nashukuru, na hutembea kwa fimbo. Hakupanda baiskeli tena.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi, na sipendi kulifanya kuwa kisa cha dereva mmoja mwovu. Dereva yule alikuwa na ratiba ya tajiri wake, giza, na barabara ambayo haikumwonyesha kwamba kuna mwingine mwenye haki ya kuwapo. Mchoro wa barabara ni sheria iliyoandikwa kwa kokoto. Ukiweka njia mbili za magari na ukingo wa hatua moja, umeshatunga sheria kwamba mwenye baiskeli na mwenye miguu ni wazururaji, na sheria hiyo haisubiri polisi ili itekelezwe. Inatekelezwa na lori la kwanza lipitalo. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa penye makazi. Kibao kinasema hivyo. Lakini barabara pana iliyonyooka humwambia dereva jambo jingine, na dereva huisikia barabara kuliko kibao.

Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno moja kwa mambo mawili. Barabara ni njia pana. Na mtu akisema kazi imefanywa barabara, ana maana imefanywa sawasawa, bila upungufu. Sijui lugha nyingi zenye madai makubwa hivyo dhidi ya wahandisi wake. Barabara isiyo barabara si barabara.

Najua majibu ya watumishi wenzangu wa umma, kwa kuwa tumekaa kwenye warsha pamoja. Jibu la kwanza ni fedha. Nchi ni maskini, wanasema, tujenge kwanza kwa ajili ya magari, baiskeli zitafuata. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama wengi wa watumiaji wa barabara ya kijijini wangekuwa na magari. Kaa Kiroka alfajiri uhesabu mwenyewe: wanafunzi kwa miguu, akina mama wenye mabeseni, baiskeli zenye mikungu, bodaboda, na hapa na pale gari. Kujenga kwa ajili ya wachache kwanza na wengi baadaye kunaitwa kubana matumizi pale tu ambapo wengi hawakualikwa kwenye kikao.

Jibu la pili ni kwamba baiskeli inakufa, pikipiki imeshaiua. Ni kweli kwamba pikipiki zimefurika, na mtoto wa mjomba wangu mwenyewe ni bodaboda. Yeye hubeba kwa safari moja ya muda mfupi mzigo uliomtesa baba yake usiku kucha, na siwezi kumlaumu. Lakini pikipiki inadai petroli kila siku, na mara nyingi inadai hesabu ya kila siku kwa mwenye chombo. Baiskeli inadai ugali na kiraka cha tyubu. Petroli inapopanda bei, utaziona Phoenix za zamani zikishushwa darini na kutiwa grisi. Isitoshe, bodaboda naye anahitaji ukingo mpana na mwendo mdogo wa magari penye soko na shule. Njia inayomlinda mwenye baiskeli inamlinda pia yeye, abiria wake, na mtoto anayevuka kwenda shule.

Jibu la tatu halisemwi hadharani, nalo ni aibu. Baiskeli ni ya maskini, na maendeleo kwa mawazo yetu ni kutoka kwenye baiskeli. Wazee wetu wanakumbuka enzi ambapo baiskeli ilitozwa kodi na kufungwa kibati. Siku hizo kuwa nayo kulikuwa alama ya mtu aliyejiweza. Kisha tukawa na kiwanda chetu, baiskeli za Swala zikaundwa nchini, na kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba chombo hiki kinaweza kuwa fahari ya taifa. Leo kiongozi anayekagua barabara ya kijiji huikagua kutoka kiti cha nyuma cha gari lililofungwa vioo. Anaona mashimo kwa sababu yanamtikisa. Ukingo haumtikisi, basi hauoni.

Aibu hii ina upande mwingine, nao ni wa jinsia. Katika ukoo wetu shamba ni la mama. Mikungu ile minne ilitoka kwenye ardhi ya bibi yangu. Lakini baiskeli ilikuwa ya mwanamume, na aliyekuwa na chombo cha kufika sokoni ndiye aliyeijua bei. Mama yangu alilima, mjomba akauza. Kwa bahati njema mjomba alikuwa mtu mwaminifu. Mfumo unaotegemea bahati ya kumpata mtu mwaminifu si mfumo. Msichana wa Mkuyuni aliyeweza kupanda baiskeli mwenyewe hadi shuleni, na baadaye hadi sokoni, katika njia ambayo mzazi wake haiogopi, angekuwa amepata kitu ambacho semina za uwezeshaji huahidi na kusahau.

Tunao mfano wa karibu wa kutia moyo na kuonya kwa pamoja. Mradi wa mabasi yaendayo haraka ulioanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016 ulijengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli kandokando ya Barabara ya Morogoro, na mwaka 2018 jiji lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Hilo linathibitisha kwamba wahandisi wanaofanya kazi nchini wanajua kuchora njia ya baiskeli. Lakini pita leo uone namna meza za biashara, pikipiki na magari yaliyoegeshwa yanavyoigawana njia hiyo. Kujenga ni nusu ya uamuzi. Nusu ya pili ni kuulinda kila siku, nayo haina uzinduzi wala utepe wa kukata.

Basi naomba nini kwa ajili ya barabara ya Mkuyuni? Mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wa ofisi zilizopo. TANROADS inasimamia barabara kuu na za mikoa, na tangu mwaka 2017 TARURA inasimamia za wilaya. Hakuna haja ya kuunda chombo kipya wala kamati yenye posho.

La kwanza, ukingo wa lami ulio mpana upande wa kupanda na wa kushuka, usio na ngazi ya kumwangusha mtu, na palipo na kona kali ukingo huo utengwe kwa nguzo. Penye shule, zahanati na gulio, barabara yenyewe ibane na kuinuka ili imlazimishe dereva kupunguza mwendo.

La pili, vipande vya barabara ya zamani visitupwe. Wahandisi wakinyoosha kona, kona ya zamani hubaki pembeni, ikaota nyasi au ikamegwa viwanja. Wafaransa wamezigeuza njia za reli zilizokufa kuwa njia za baiskeli na miguu. Ile ya Givry hadi Cluny, katika jimbo la Bourgogne, ilifunguliwa katika muongo wa 1990 na ikafuatwa na nyingine nyingi. Sisi hatuna reli zilizokufa upande huu wa mlima. Tutakuwa na kona zilizoachwa, kila moja na miembe yake na kivuko chake. Ziunganishwe, zipewe vibao, ziwe za wenye miguu na baiskeli. Mgeni anayekuja kupanda Uluguru atazipenda, na mwenyeji atazitumia kila siku. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

La tatu, na ndilo kubwa, watu waulizwe. Milima hii ina kumbukumbu ndefu ya mipango isiyouliza. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, kuhifadhi udongo na maji, na wataalamu walikuwa na vitabu. Lakini wenye mashamba hawakusikilizwa; mwaka 1955 ghasia zililipuka Matombo, kilomita chache mbele ya Mkuyuni, na mpango ukaachwa. Tangu hapo kila mtaalamu anayepanda huku na ramani huangaliwa kwanza mikononi. Hesabu ya watumiaji wa barabara ifanyike alfajiri na siku ya gulio. Waulizwe wabeba ndizi wanaposukuma na wanapoteleza. Waulizwe wanafunzi wanapoogopa. Majibu yao hayagharimu zege.

Nilimweleza mjomba mapendekezo haya nilipomtembelea majuzi. Alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza kila kitu, akaniuliza kama katika hayo yote nimeandika habari ya taa. Nikamwambia sikuandika. Akasema, "Andika, mwanangu. Ndizi hutembea usiku." Kwa hiyo ombi la nne ni lake: vimulikio kandokando ya ukingo, ili dereva ajue barabara inaishia wapi na mtu anaanzia wapi.